Gundi ya kushikilia boliti ndogo: anza na ya zambarau

Ukiomba gundi ya boliti kwenye duka la spea, mara nyingi utapewa ya bluu au nyekundu. Kwa skrubu za miwani, kamera, cherehani na boliti zote zisizofika M6 (unene wa milimita 6), omba ya zambarau.

Ninayoiweka ya kwanza ni ya zambarau ya chapa ya Loctite, namba 222. Nguvu yake ni ndogo, na hiyo ndiyo sifa yake. Skrubu ya M3 ina shingo nyembamba. Ikishikwa na gundi kali, bisibisi italiparua tundu la kichwa, au kichwa kitakatika kabla gundi haijaachia. Ya zambarau huizuia isilegee kwa mtikisiko, na siku ya matengenezo inafunguka kwa mkono.

Ya pili ni Loctite 243, ya bluu, kuanzia M6 kwenda juu: boliti za mkono wa breki au kioo cha pikipiki. Ichague kabla ya 242, bluu nyingine ya Loctite, kwa sababu huvumilia mafuta kidogo yaliyobaki kwenye meno ya boliti. Hata hivyo futa kwa spiriti kwanza. Bluu hiyo ipo pia ya kupaka kama rangi ya mdomo, 248. Haimwagiki, inafaa kukaa kwenye mkoba wa spana, ila kwenye skrubu ndogo ni vigumu kuipima.

Ya kijani, 290, inunue tu kama boliti zimeshakazwa na hutaki kuzifungua: hujipenyeza yenyewe. Kuitoa huenda ukahitaji moto. Nyekundu, 271, iache kabisa. Inataka joto la karibu nyuzi 250 za sentigredi, na pembeni ya plastiki au raba utaupitisha wapi moto huo?

Rangi hizi si sheria kwa kampuni zote, basi soma nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko.

Gundi hizi huganda zikikosa hewa huku zikigusa chuma, ndiyo maana chupa halisi haijazwi hadi juu. Ukishuku bandia, tia tone moja kwenye boliti ukaze nati, na jingine liache wazi kwenye kipande cha plastiki. Kesho yake la kwanza liwe limeshika, la pili bado majimaji. Likikauka hilo la wazi, umeuziwa kitu kingine.

Chuma cha pua huchelewesha kuganda, shaba nyeupe huharakisha. Kwa vyovyote ipe gundi saa 24 kabla ya kukitumia chombo. Usiache gundi iguse plastiki ngumu ya chombo, hasa ya ABS au polikaboneti, maana huipasua.

Chupa ya mililita 10 inatosha sana. Skrubu ndogo hutaka nusu tone.