TAHADHARI: Shotigani za mitutu miwili za nyundo zinazouzwa "kama mpya". Zikague kabla hujatoa hela

Ndugu wafugaji, wakulima mnaosumbuliwa na nyani na nguruwe pori, na wenye kampuni za ulinzi: kuna wauzaji wanaotembeza picha za shotigani za mitutu miwili, zile zenye nyundo mbili nje, kwenye magrupu ya WhatsApp. Wanasema ni "Mbelgiji halisi" au "Mwitaliano mpya wa boksi". Bei iko chini sana kuliko ya duka, na wanataka nusu ya hela itumwe kwa mobail mani ili "mzigo ushikiliwe". Msitume. Kinachokuja, kama kitakuja, huwa ni bunduki kuukuu, pengine ya zaidi ya miaka mia, iliyosuguliwa, ikachemshwa kwenye dawa ya weusi, ikapakwa vanishi. Inang'aa kuliko mpya, na mng'ao huo ndio unaoficha ubovu, mara nyingine ndio uliouleta ubovu wenyewe.

Kwanza makaratasi, maana hapa hakuna mjadala. Uganda bunduki ya raia haiuzwi kama ng'ombe mnadani. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inataka uwe na cheti kutoka polisi kabla ya kununua, na muuzaji awe na leseni. Barua ya LC1 (baraza la kijiji) ni ya kukutambulisha wewe, haihamishi umiliki wa bunduki. Anayekuambia "tutaandikishana kwa mwenyekiti, mengine yatafuata" anakuuzia kesi. Namba iliyopigwa chini ya mitutu, ile ya kwenye mwili wa chuma na ile ya chuma cha ubao wa mbele (ule wa kushikia chini ya mitutu) zilingane. Zikitofautiana, hiyo ni bunduki iliyounganishwa kutoka kwa mbili au tatu. Namba ikiwa imekwaruzwa, usiishike hata kwa kuitazama.

Sasa ule weusi. Mitutu miwili ya namna hii imeunganishwa kwa kanda mbili za chuma, moja juu na moja chini, na kanda hizo zimeshikwa kwa lehemu ya bati na madini ya risasi. Fundi anayejua kazi huipa mitutu hiyo weusi kwa kutu ya polepole: anapaka dawa, anaacha ishike kutu, anachemsha kwa maji, anapiga brashi, anarudia siku kadhaa. Fundi wa mkato anaitumbukiza kwenye bafu la kostiki soda lenye joto la nyuzi 140 hivi, dakika chache imetoka nyeusi tii. Kostiki inakula ile lehemu. Tena inapenya chini ya kanda na kubaki humo, halafu inaendelea kutafuna chuma mahali ambapo hakuna jicho linaloweza kufika. Baada ya miezi utaona unga mweupe au mstari wa kahawia ukitokeza kwenye ukingo wa kanda, na siku moja kanda inaachia. Kwa hiyo pitisha ukucha na tochi kwenye kingo zote nne, kuanzia nyuma hadi mdomoni. Weusi unaong'aa kama kiatu cha askari kwenye bunduki ya nyundo ya zamani ni sababu ya kuuliza maswali, si ya kuongeza bei.

Kabla ya dawa hupita msasa na mashine ya kung'arishia, na hizo huacha alama zake. Tazama kingo za mwili wa chuma: za kiwandani zina makali, zilizosuguliwa zimeviringika. Matundu ya skrubu yanakuwa yamebonyea pembeni kama visahani. Maandishi yanakuwa na kina upande mmoja na kufifia upande mwingine. Nakshi zikiwa zimefutika nusu huku rangi ni mbichi, umepata jibu. Angalia pia mbao inapokutana na chuma. Kwenye bunduki ambayo haijaguswa, mbao inasimama juu ya chuma kidogo, kiasi cha kuhisi kwa kidole. Mbao ikiwa chini ya chuma, imeshapigwa msasa, na huyo aliyeipiga alikuwa na kitu cha kuondoa.

Tusichanganye mambo, lakini. Bunduki ya bei nafuu si lazima iwe mbaya. TOZ-66 ya Tula, enzi za Sovieti, ni geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) yenye nyundo za kweli, na umaridadi haukuwa shabaha yake. Zile fupi za Norinco kutoka China na za Hüğlü kutoka Uturuki nazo hutoka na alama za mashine ndani ya mwili, nyundo mbili zisizolingana sawasawa kimo, mikato ya kushikia iliyo myepesi, mbao isiyo na mshipa wa maana. Hayo ni ubaya wa sura. Unaweza kuishi nayo. Kinachoua ni ubaya wa chuma na wa mitambo, na huo haupigwi picha.

Hakikisha chemba zote mbili (vyumba vya risasi nyuma ya mitutu) ni tupu, angalia kwa macho na kwa kidole, kisha ifungue vipande vitatu: ubao wa mbele, mitutu, na mwili wenye kitako. Muuzaji asiyekubali bunduki ifunguliwe, mkataba umeishia hapo.

Ning'iniza mitutu kwa kamba au kidole kupitia ndoano ya bawaba iliyo chini yake, uigonge kwa kiungo cha kidole au kijiti cha mbao. Inatakiwa ilie na mlio uendelee. Ikitoa sauti ya kufa au ya kuzizima kama bati bovu, kanda imeachia mahali fulani. Halafu ielekeze kwenye mwanga wa dirisha na utazame kutokea nyuma. Ndani utaona duara za mwanga moja ndani ya nyingine. Mbonyeo unavunja duara kwa kivuli upande mmoja. Uvimbe unaonekana kama pete nyeusi iliyozunguka mzima, na mara nyingi unatokana na tope lililoziba mdomo au na risasi ya geji 20 iliyoingizwa kimakosa, ikateleza na kukwama mbele ya chemba, kisha ya geji 12 ikapigwa nyuma yake. Geuza mtutu polepole, usitazame mara moja tu.

Ndani kukiwa safi mno kwa umri wa bunduki, pima. Geji 12 ya kawaida ina kipenyo cha karibu milimita 18.5, na hupimwa sentimita 23 kutoka nyuma, si mdomoni, kwa sababu mdomo huwa umebanwa makusudi. Mtutu uliotobolewa upya kuondoa vishimo vya kutu unakuwa mpana na kuta zake zinakuwa nyembamba. Kwa bunduki za Uingereza, upana ukizidi ule uliopigwa kwenye muhuri wa majaribio (alama kwamba mtutu ulijaribiwa ukapita) kwa zaidi ya robo milimita, muhuri ule hauna thamani tena. Unene wa ukuta sehemu nyembamba kabisa ukishuka chini ya nusu milimita, ni chuma chakavu. Hii kazi inataka kipimo maalumu cha fundi. Vanya kalipa ya kawaida inafika mdomoni tu, na mdomo hautakuambia kitu.

Mdomo wenyewe, hata hivyo, una habari yake. Mitutu miwili hukaribiana kadiri inavyokwenda mbele hadi inagusana. Ukikuta mwanya kati yake uliojazwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa au puti, mitutu imekatwa.

Mihuri ya majaribio iko chini ya mitutu, sehemu bapa za nyuma. Hapa ndipo wengi wanapouziwa jina. Bunduki nyingi za Liège, mji wa Ubelgiji, za karne ya 19 ziliandikwa juu majina yenye sura ya Kiingereza, lakini mihuri ya chini haidanganyi kirahisi. Herufi ELG ndani ya yai ni Liège. Ikiwa haina taji juu yake, ni ya kabla ya 1893. Maneno NOT FOR BALL ni ya Uingereza kati ya 1875 na 1887. Zote hizo zilijaribiwa kwa baruti nyeusi, na risasi tunazouziwa leo madukani ni za baruti isiyo na moshi, ambayo presha yake inapanda kwa namna nyingine. Unachotafuta ni muhuri wa baruti ya kisasa: PV chini ya simba kwa Ubelgiji, BNP chini ya taji kwa Birmingham tangu 1954, PSF kwa Italia. Mihuri ikiwa imesuguliwa hadi haisomeki, ihesabu kuwa haina. Na chini ya ubao wa mbele, mahali msasa haufiki vizuri, tafuta mistari iliyojipinda kama nyuzi za kamba: huo ni mtutu wa Damaski, uliosokotwa kwa vipande vya chuma na kufichwa chini ya weusi.

Chemba ni mtego mwingine. Za zamani zina urefu wa milimita 65, risasi nyingi za sasa ni 70. Namba ya risasi ni urefu wa ganda likishafunguka baada ya kupigwa. Kabla ya hapo ganda limekunjwa mdomo na ni fupi, kwa hiyo ya 70 inaingia kwenye chemba ya 65 bila kusumbua. "Imeingia vizuri" si kipimo. Ikipigwa, mkunjo unafungukia kwenye shingo ya mtutu, njia inabanwa, presha inapanda, na mkono wako wa kushoto uko chini ya hapo hapo.

Sasa unganisha mitutu na mwili bila ubao wa mbele, ifunge, ishike shingo ya kitako na uitikise mitutu. Futa grisi kwanza, maana grisi nzito huwekwa kuzima mlio wa kuchezacheza. Weka kipande cha karatasi ya sigara kati ya nyuma ya mitutu na uso wa mwili, funga, vuta. Isipobanwa hata kidogo, bawaba imelika. Chunguza ndoano kama ina makovu ya kugongwa kwa nyundo ya fundi, kibati cha shaba kilicholehemiwa au araldaiti (gundi kali): huko ni kuibana kwa muda wa mauzo, mizunguko michache inalegea tena. Wenzo wa juu wa kufungulia bunduki, ukifunga uwe katikati au kulia kidogo. Ukivuka kwenda kushoto, komeo limekwisha.

Nyundo ndizo zinazotofautisha bunduki hizi na nyingine, na ndizo wauzaji hawazizungumzii. Chemba zikiwa tupu, shusha nyundo taratibu kwa kidole gumba na utazame uso wa mwili. Pini za kupigia zikibaki zimechomoza, nyundo hazirudi zenyewe. Bunduki ya hivyo ukiifunga na risasi ndani, pini inaweza kugonga kitako cha risasi bila triga kuguswa. Vuta nyundo hadi mlio wa kwanza, kaza triga: isianguke. Vuta hadi mwisho, sukuma kwa kidole gumba kwa nguvu: isianguke. Gonga kitako kwenye raba: isianguke. Vuta triga moja huku nyundo zote mbili umezivuta: ya pili ibaki juu. Uzito wa triga upime kwa mzani wa ndoano wa kupimia mizigo. Kati ya kilo 1.6 na 2 ni sawa, chini ya kilo moja na nusu mtu amepiga tupa kwenye meno yanayoshikilia nyundo. Pini zilizochongwa kwa msumari hujulikana kwa ncha zilizotanuka na tundu lililokuwa pana, na gesi hurudi kupitia tundu hilo kuelekea machoni.

Kitako: pinda kidogo kwenye shingo huku ukitazama nyuma ya vibao vya mitambo. Ufa unafunguka. Ufa uliojazwa araldaiti na kiwi nyeusi unaonekana kama mshipa wa mbao unaokwenda kinyume na mishipa mingine.

Kabla ya kusafiri, omba picha nne: mdomo wa mitutu kwa mbele, sehemu bapa zenye mihuri, uso wa mwili nyundo zikiwa chini, na namba ya chuma cha ubao wa mbele. Muuzaji wa halali anazo au atazipiga. Tapeli atakutumia tena picha ile ile ya ubavuni, kwenye kitambaa chekundu, akikuharakisha kwamba kuna mteja mwingine Masindi.

Na aliyekwisha kununua? Usiipige, hata risasi moja ya kujaribu, hata kwa kuifunga kwenye mti. Kama umelipa na bunduki haijafika, toa taarifa kituo cha polisi na kwa kampuni ya simu siku hiyo hiyo. Kama iko nyumbani na huna cheti chake, usiirudishe kwa boda wala usiihamishe. Muone wakili, kisha polisi wajulishwe waje waichukue. Ujumbe wa malipo usiufute, kwa sababu namba ya muamala iliyomo ndiyo watakayokuuliza kwanza.