Laser II ya Mercury kwenye mashine ya zamani: propela nzuri, ila inadai mashine ipandishwe

Wengi wanaofunga propela ya chuma cha pua kwenye boti ya mbio ya zamani hulalamika kwamba boti haikuongeza kitu. Mara nyingi malalamiko hayo ni ya kweli, lakini kosa si la propela. Laser II, propela ya chuma cha pua yenye mapanga matatu kutoka Mercury, kampuni ya mashine za boti, imetengenezwa ishike maji hata mashine inapofungwa juu zaidi nyuma ya boti. Ukiifunga mahali palepale ilipokuwa ya alumini, umelipia uwezo usioutumia.

Tofauti na ile ya alumini inaonekana kwa macho. Panga la chuma cha pua linaweza kuwa jembamba na bado lisipinde mafuta yakifunguliwa yote. La alumini lazima liwe nene, na chini ya mzigo linajikunjua kidogo na kupoteza pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Laser II ina pia kikombe, yaani ule mdomo mdogo uliokunjwa kwenye ukingo wa nyuma wa panga, na mapanga yake yameinama kuelekea nyuma. Kikombe kinazuia maji yasiponyoke hewa inapoingia, na ule mwinamo unainua omo (sehemu ya mbele ya boti), kwa hiyo sehemu ya mkuku inayosugua maji inapungua. Boti nyepesi ya mkuku wa V inafaidika sana na hali hiyo. Boti ambayo omo lake tayari ni jepesi inaweza kuanza kudunda kama pomboo. Hapo punguza trimu (pembe ya mashine kutoka kwenye boti) kwanza, kisha sogeza betri au tangi la mafuta mbele.

Kabla ya kutoa pesa, ikague mashine. Pima kompresheni ya kila silinda: ikiwa moja iko chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, hakuna propela itakayoficha hilo. Hakikisha kabureta zote zinafunguka hadi mwisho, maana kebo ya mafuta iliyolegea huiba mizunguko mingi. Angalia pia nyuma ya geji ya mizunguko: geji nyingi za zamani zina swichi ndogo ya kuchagua idadi ya poli za jenereta, na ikiwekwa vibaya unasoma uongo. Kisha lala chini ya boti na rula ndefu iliyonyooka, uiweke kwenye mita moja na nusu ya mwisho kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti. Mwanga ukionekana katikati, fiber imebonyea kwa ndani na boti inasukumwa omo chini. Povu la sakafuni lililonyonya maji nalo huongeza uzito mwingi ambao hauonekani popote.

Kuchagua pichi kunahitaji hesabu. Chukua mizunguko kwa dakika, gawa kwa uwiano wa gia, zidisha kwa pichi ya inchi, kisha zidisha kwa 0.001524. Jibu ni kilomita kwa saa kama propela isingeteleza hata kidogo ndani ya maji. Tuseme mashine inafika 5,500, uwiano wa gia ni 1.87 na pichi ni 19: unapata karibu 85. GPS ikionyesha 73, propela inateleza kwa asilimia 14 hivi, na kwa boti nyepesi ya mbio hiyo ni nyingi. Ikionyesha 77, uko chini kidogo ya asilimia 10, na hapo mpangilio umekaa vizuri.

Kila inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko 150 hadi 200. Lengo ni mashine ifike sehemu ya juu ya kiwango alichoandika mtengenezaji, ikiwa na mzigo wa kawaida, si dereva peke yake na tangi tupu. Usiamini kwamba pichi kubwa ndiyo mwendo. Mashine ya tu-stroki (ile inayochanganya oili na petroli) iliyobanwa na propela nzito hushindwa kufika mizunguko yake, joto la pistoni hupanda, na mlipuko usio wa wakati wake hula pistoni hiyo kimyakimya. Kwa sababu ya kikombe na ugumu wake, Laser II yenye pichi ileile ya ile ya alumini inaweza kushusha mizunguko kidogo, kwa hiyo kama mashine ilikuwa tayari inafika kiwango hicho kwa shida, anza na pichi iliyo chini kwa inchi moja au mbili.

Sasa urefu wa mashine, ambako faida yote imelala. Mahali pa kuanzia ni lile bapa lililo juu ya propela kuwa sawa na chini ya boti kwenye tezi. Matundu ya kufungia mashine nyingi yameachana milimita 19, basi panda tundu moja kwa safari moja, ujaribu, uandike namba. Bamba la kuinulia mashine linarahisisha kazi, na kwa kuwa linairudisha mashine nyuma, ambako maji yanayotoka chini ya boti yameanza kupanda, unaweza kuongeza takriban inchi moja ya urefu kwa kila inchi nane za kurudi nyuma. Kumbuka kuangalia urefu wa kebo za usukani, gia na mafuta kabla ya kulinunua.

Usipandishe chochote bila geji ya shinikizo la maji ya kupoozea. Matundu ya kunyonyea maji yako pembeni mwa giaboksi, na yakianza kuvuta hewa mashine inaungua hata kama propela bado inashika vizuri. Namba ya geji ikishuka ghafla, rudi tundu moja chini. Dalili nyingine ya kupita kiasi ni propela kuachia maji kwenye kona na mashine kupiga kelele ghafla. Usukani nao huweza kuvuta upande mmoja, kwa sababu kile kipezi kidogo cha kurekebishia kimetoka majini.

Kitu ninachokipenda zaidi kwenye Laser II ni matundu yaliyo kwenye pipa lake (ile sehemu ya katikati inayobeba mapanga), moja kwa kila panga. Wakati wa kuondoka, moshi wa ekzosi unapita humo na kulainisha maji yanayoshikwa na mapanga, hivyo mashine inapanda mizunguko haraka badala ya kukaba. Boti ikishaanza kuteleza juu ya maji, moshi unatokea nyuma kama kawaida. Matundu hayo huzibwa na vizibo vya plastiki vya ukubwa tofauti. Mashine ikilia bila boti kupanda, weka vizibo vyenye tundu dogo zaidi. Ikikaba, weka vyenye tundu kubwa. Ukinunua iliyotumika, hesabu vizibo: kimoja kikikosekana, kuondoka kwake hakutabiriki.

Kwenye iliyotumika kagua pia kitovu, yaani sehemu ya ndani inayoiunganisha propela na shafti. Zile za zamani zinaweza kuwa na mpira uliokandamizwa ndani, nao hukauka na kuteleza: mizunguko inapanda, mwendo haupandi. Chora mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi kwenye pipa, endesha kwa nguvu, kisha tazama kama mistari bado inakutana. Mfumo wa Flo-Torq II hutumia kitovu cha plastiki kinachobadilishwa kwa mkono, na unapatikana pia kwa shafti za mashine za kampuni nyingine. Ningelipa zaidi kidogo kuupata huo.

Wakati wa kufunga, toa ufunguo na waya za plagi. Ondoa kamba ya kuvulia iliyojisokota nyuma ya propela, kwani ndiyo inayokata oili sili na kuingiza maji kwenye giaboksi. Paka grisi ya majini kwenye meno ya shafti, rudisha washa nene ya mbele (ikisahaulika, propela inasaga giaboksi), weka kipande cha ubao kuzuia panga, kisha kaza nati. Kwa Flo-Torq kwenye V6 (mashine za silinda sita) za Mercury ni Nyutoni-mita 75. Kaza tena baada ya safari ya kwanza.

Kwa anayepita penye mawe na miamba, simshauri. Panga la alumini hupinda au kuvunjika na kuzipunguzia gia pigo, lakini chuma cha pua hakipindi kirahisi, na pigo kubwa linapanda hadi kwenye shafti. Anayebeba watu wengi au kuvuta watelezaji atapata kushika maji zaidi kwenye propela ya mapanga manne, hata akipoteza mwendo kidogo juu. Laser II ni ya boti nyepesi, mashine yenye afya na fundi aliye tayari kufungua boliti za tezi mara tatu au nne hadi namba zikae sawa.