Uzoefu wangu na watengeneza websaiti: ugomvi wote ulikuwa kwenye "raundi tatu bure"

Jina la kampuni nalihifadhi maana kazi yenyewe haijaisha na sitaki maneno, ila ni watu wa Dar, nimewapata Instagram na kazi zao nilizoziona kule zilikuwa safi kweli. Mimi na mume wangu tunapandisha wageni mlima Kilimanjaro hapa Moshi, ofisi ndogo tu, wageni wetu wengi ni Wajerumani wanaambiana wenyewe kwa wenyewe, sasa siku hizi mtu hata kama kaambiwa na dada yake wa tumbo moja lazima kwanza aingie Google akuchungulie. Tukakubaliana milioni moja na laki mbili, nusu advansi nusu mwisho, ndani yake domeini ya .co.tz yaani anwani ya websaiti, hostingi yaani pa kuiweka mtandaoni mwaka mmoja na marekebisho raundi tatu bure. Hilo la raundi tatu limeandikwa kwenye invoisi mstari mmoja, halina maelezo yoyote, na shida yangu yote imeanzia hapo.

Demo ilikuja mapema kuliko walivyoahidi, hapo nawapa haki yao. Muonekano mzuri, rangi zimetulia, fonti inasomeka. Tatizo uanze kusoma sasa. Picha kubwa ya juu ni tembo wanapita na mlima nyuma una theluji, picha tamu bana, kucheki jina la faili imeandikwa amboseli, yaani Kenya! Mimi nauza Moshi halafu napokea wageni kwa picha iliyopigwa ng'ambo ya mpaka. Kushuka chini urefu wa mlima wameandika mita 5,985 wakati hata mtoto wa darasa la nne huku anajua ni 5,895. Kwenye njia ya Machame wakaandika mgeni atalala kwenye vibanda vyenye vitanda, aisee, vibanda ni njia ya Marangu tu, Mandara, Horombo na Kibo, Machame ni hema mwanzo mwisho, sasa mtu kalipa akitegemea kitanda unamkuta na hema utamwambia nini? Na juu kabisa kwa herufi kubwa, Hakuna Matata. Hilo sitalisemea sana.

Nikawatumia hayo yote WhatsApp. Jibu: "Sawa dada, tumepokea, hiyo ni raundi ya kwanza." Sikuona ubaya. Kesho yake nafungua kwenye simu naona jedwali la bei limekatika upande wa kulia, bei za siku saba hazionekani kabisa, nikawaambia, nikajibiwa hiyo ni raundi ya pili. Nikajaribu fomu ya mawasiliano, nikajitumia ujumbe kama mgeni, haujafika popote, kumbe uko kwenye spamu. Nikawaambia. Wakaniambia hiyo sasa ndo ya tatu na ya mwisho, kuanzia hapo kila raundi elfu hamsini.

Hapo nikachemka. Nikaomba kuongea na mkubwa wao kwa simu siyo kuchati, nikamuuliza, kaka, nyie mmeandika urefu wa mlima vibaya, mimi nikisema mrekebishe hayo ni marekebisho yangu au yenu? Akacheka kwanza. Halafu akasema dada una hoja. Nadhani hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo, wengi tunalipa tu elfu hamsini tunanyamaza.

Tulichokubaliana, na ndicho nimekuja kuwaambia wadau wanaotaka kutengenezewa websaiti, ni kwamba kuna vitu vya aina tatu na visichanganywe. Kitu ambacho hakifanyi kazi au kimeandikwa uongo hicho ni kosa lao, halihesabiki hata yakiwa mia, fomu inayoishia spamu ni kosa, jedwali linalokatika ni kosa. Kitu kiko sawa ila wewe hukipendi, hiyo ndo raundi yenyewe. Na kitu ambacho hakikuwepo kwenye makubaliano ni kazi mpya ina bei yake. Kwenye Hakuna Matata tulibishana kidogo, wao wanasema ni suala la kupenda tu na wateja wengine wanaitaka, nikawaachia, ikahesabiwa raundi. Kurasa za Kijerumani wakazipigia hesabu laki mbili na nusu kama kazi mpya na mimi naona ni haki, maana sikuzitaja mwanzo.

Wakafungua shiti moja ya Google tunayoiona wote, kila kitu kina mstari wake na pembeni kimeandikwa ni kosa, raundi au kipya. Kuanzia hapo mambo yakaenda. Nikagundua pia ukiandika kwa kituo wanafanya haraka, yaani ukurasa fulani, kwenye simu au kompyuta, kinachoonekana, kinachotakiwa, na skrinshoti imechorwa duara jekundu. Mume wangu yeye alituma voisi noti ndefu anasema logo ipewe uzito, ikarudi kubwa mpaka imeziba menyu, akasema siyo hivyo, ikarudi ndogo, mpaka leo sijui alimaanisha nini na nadhani hata fundi hajui.

Kiufundi wako vizuri wakiamua. Picha zilikuwa nzito, moja MB nne au tano, mtu wa bando atakimbia, wakazigeuza WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, zikashuka chini ya KB 300 na kwa macho huoni tofauti. Fomu walieleza vizuri kwamba domeini haikuwa na rekodi ya SPF, ile inayotaja nani anaruhusiwa kutuma barua pepe kwa jina lake, ndo maana Gmail inaitilia shaka, wakaiweka, sasa ujumbe unaingia inboksi.

Wanachonikera ni kwamba wanarekebisha moja kwa moja kwenye websaiti iliyo hewani, hawana sehemu ya majaribio, kwa hiyo walivyotengeneza jedwali kitufe cha WhatsApp kikapotea na kuna mgeni alinipigia analalamika kakitafuta. Na wikiendi hawajibu kabisa hata kama kitu kimekufa.

La mwisho ambalo ningelijua mapema ningeliuliza kabla ya advansi: nimeangalia whois, yaani kumbukumbu za nani kasajili domeini, nikakuta imesajiliwa kwa jina la kampuni yao siyo letu. Wanasema ndo utaratibu wao mpaka mteja amalize deni. Paswedi ya WordPress, mfumo wa kuiendesha websaiti, kunyimwa mpaka nilipe naelewa, ila jina la biashara yangu kuandikwa mali ya mtu mwingine hapana. Nimewaambia nusu iliyobaki ipo tayari, siku wakibadilisha jina nikaliona kwa macho yangu ndo siku hiyo hiyo natuma. Nimeiweka kwenye shiti, pembeni nimeandika kosa, wao wameweka alama ya kuuliza. Kwa sasa nyota tatu, moja ya hizo ni ya yule kaka aliyepokea simu.