Union Version kwa darasa la Yohana 15: Biblia ya kununulia kikundi cha nyumbani Unguja

Kikundi kinachotaka kusoma Yohana 15, watu wajue namna ya kukua ndani ya Kristo na kumtumikia bila kuchakaa, kinunue Biblia ya tafsiri ya Union Version. Tafsiri ya Habari Njema ni nyepesi kusomeka na vijana huipenda, kwa hiyo nakala moja iwepo. Ya kila mtu mkononi iwe Union, kwa sababu ya maneno matatu.

La kwanza ni kukaa. Toka aya ya 4 hadi ya 10 limo mara 10, na aya ya 16 linarudi tena. Huku kwetu mtu akitaka uketi atakwambia "kaa kitako"; akikuuliza "unakaa wapi?" anataka kujua kwako ni wapi. "Kaeni ndani yangu" ni hili la pili, la makazi. Mwongozaji agawe penseli, kila mtu apigie mstari kila kukaa kabla hajaeleza lolote. Dakika 10 zinatosha. Watu wenyewe wataona kuwa tawi haliambiwi lijikaze lizae. Linaambiwa likae, na kuzaa kunafuata.

La pili ni safi. Aya ya 2 inasema tawi lizaalo "hulisafisha", ya 3 inasema wanafunzi wamekwisha kuwa "safi" kwa sababu ya neno alilowaambia. Kigiriki nacho kina mzizi mmoja mahali pote pawili, na Union imeuhifadhi. Ila mzabibu hatuulimi, kwa hiyo lielezwe hili: zabibu hutoka kwenye machipukizi mapya, na mti usiopogolewa humaliza nguvu kwenye majani. Kisu cha kupogolea ni neno la Kristo. Mtu mwenye kwaya, Shule ya Jumapili na ziara za wagonjwa kwa wiki moja, na hana hata robo saa ya kusoma na kuomba, ana majani mengi. Asiongezewe kazi. Apunguziwe moja.

La tatu ni neno, la aya ya 5, nalo ndilo linalokosewa zaidi: "pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lo lote." Kijana hudhani ni neno la kutamka. Wazee wanaosema "si neno" au "hapana neno" wanaelewa mara moja kuwa neno hapa ni jambo. Basi aya haisemi kuwa bila Kristo tutafanya kidogo. Inasema hatutafanya kitu. Hapa msaidizi wa darasa asome Habari Njema kwa sauti, kisha warudi kwenye Union.

Kiswahili hiki si kigeni hapa. Askofu Edward Steere, aliyefariki 1882 na kuzikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa kuu la Mkunazini, alikuwa ameshafanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiunguja; Union ya 1952 ilikuja kuunganisha tafsiri za Unguja na Mombasa.

Mfano wa shamba uchaguliwe kwa uangalifu. Pilipili manga haufai: umeushika mti mwengine, lakini una mizizi yake wenyewe, na mti ule ni wa kupandia tu. Wako wanaomshika Kristo hivyo hivyo. Bora tawi la mkarafuu lililovunjika wakati wa kuchuma. Siku ya kwanza bado kijani, karafuu bado zimo, na asiyejua ataliona zima.

Makosa ya kusoma yapo. Aya ya 7, "ombeni mtakalo lote", ikisomwa peke yake huzaa madai na baadaye uchungu. Isomwe pamoja na sharti lake, maneno ya Kristo yakikaa ndani yetu. "Matunda" nayo watu huyahesabu kwa vichwa vya waliohudhuria, na katika visiwa ambako Wakristo ni wachache hesabu hiyo huvunja moyo bure. Aya za 10 hadi 12 zinataja kushika amri, furaha na kupendana. Wagalatia 5:22-23 inataja tunda la Roho kwa sifa 9, na hakuna hata moja ya idadi.

Sura yote igawiwe jioni 4: aya 1–3, 4–8, 9–17, 18–27. Msizidishe. Mwezi wa Ramadhani pangeni saa isiyogongana na futari ya majirani.

Wakati wa kununua, fungueni katikati mwangalie kama kurasa zimeshonwa. Za gundi tupu huachia upesi kwa joto na unyevu wa pwani. Zipu ya chuma hushika kutu, heri jalada gumu. Wazee wapewe herufi kubwa, hata kama kitabu ni kizito. Na mkiweza, zote ziwe chapa moja: toleo lililorekebishwa linaandika "lolote" pale la zamani linapoandika "lo lote", na kusoma kwa pamoja hukwama hapo hapo.