Kaunta buku au fulskepu na faili?

Mwaka wa kwanza chuoni nilinunua kaunta buku ya kwaya tatu, kurasa 288, nikaigawa kwa masomo manne. Kufikia wiki ya sita, takwimu ilishajaza sehemu yake na kuvamia ya uchumi. Kuelekea mtihani nikawa napekua huku na huko. Ila sikupoteza hata ukurasa mmoja, pamoja na misukosuko yote ya daladala.

Fulskepu kwenye faili zinapangika. Ukikosa kipindi, unanakili za mwenzako na kuzichomeka mahali pake, pamoja na vitini vya mhadhiri. Tatizo ni yale matundu ya pembeni: yakichanika, karatasi inadondoka kimya kimya. Kwa masomo ya hesabu, nachagua faili. Ya maelezo marefu, kaunta buku.