Kofia ngumu yenye kidevu cha kuinua: inazifaa barabara za Tanga?

Kofia ninayoipitia hapa ni ile inayofunika kichwa chote, lakini sehemu yake ya kidevu huweza kuinuliwa hadi juu ya paji la uso kwa kubonyeza kitufe kilichofichwa chini ya kidevu. Niliinunua kwa shilingi 210,000 katika duka moja la vipuri vya pikipiki, Ngamiani, nami nimekuwa nikiivaa tangu kabla ya masika, nikiendesha Boxer ya cc 150 mjini na katika safari za Muheza na Pangani. Sitaji chapa, wala sidhani kwamba kuitaja kungemsaidia msomaji, kwa sababu maduka ya hapa hubadilisha chapa kwa kila shehena inayotoka Dar es Salaam. Kilicho cha kudumu ni aina ya kofia pamoja na kibandiko chake, na hayo ndiyo nitakayoyaeleza kwa urefu.

Duka lenyewe linastahili sifa. Kofia za shilingi 25,000 hadi 40,000 zimening'inizwa barazani kama kwingine kote, lakini anayeuliza hupelekwa kwenye kabati la ndani. Muuzaji, kijana mwenye adabu, baada ya kuniamkia aliniuliza swali ambalo sijawahi kulisikia katika duka jingine: "Mzee wangu, unataka ya trafiki au ya kichwa?" Swali hilo lilinifurahisha kwa ukweli wake, maana nyingi kati ya kofia tunazoziona mjini zimenunuliwa kwa ajili ya askari wa usalama barabarani tu, huvaliwa pale anapoonekana kwa mbali, na akishapitwa hurudi kwenye kiwiko au kwenye kioo cha pembeni. Nilipojibu kwamba nataka ya kichwa, aliniacha nijaribu saizi tatu bila kunihimiza, kisha akanionyesha namna ya kuhakiki: unafunga kamba ya kidevuni barabara, mtu mwingine anaishika kofia kwa nyuma, chini ya kisogo, anaivuta kuelekea mbele. Ikivuka kichwa, hiyo si saizi yako hata kama imekukaa vizuri mbele ya kioo.

Kibandiko cha kutazama ni kile kilichoshonwa kwenye kamba ya kidevuni. Kina herufi E ndani ya duara, na pembeni yake nambari ya nchi iliyotoa kibali, ambayo si lazima iwe ndiyo iliyotengeneza kofia: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia. Chini ya hapo ipo nambari ya kibali, na tarakimu zake mbili za mwanzo ndizo zinazoonyesha kofia ilipimwa kwa toleo lipi la Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa. Tarakimu 05 ni za toleo la zamani. 06 ni za toleo jipya lililoanza kutumika mwaka 2021, ambalo limeongeza kipimo cha pigo la mshazari, yaani lile linaloufanya ubongo uzunguke ndani ya fuvu hata pale ambapo fuvu lenyewe halikupasuka. Halafu kuna herufi ambazo wanunuzi wengi huziruka. P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa na inalinda, J maana yake kofia haina kinga ya kidevu, na NP ni onyo kwamba kilichopo kidevuni hakilindi kitu. Kibandiko cha Marekani chenye herufi DOT nakiamini kidogo zaidi, kwa kuwa kwa utaratibu wa huko mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, serikali ikapima sampuli baadaye, na kibandiko cha kubandika kwa nyuma kinaweza kuchapwa na yeyote mwenye mashine.

Kofia yangu ina 05 na herufi P peke yake. Ndani ya ganda lake la plastiki kuna tabaka nene la povu gumu jeupe, lile lile linalotengenezewa masanduku ya kuhifadhia samaki pale Deep Sea, na povu hilo ndilo linalofanya kazi yote, kwa sababu hubonyea na kula nguvu ya pigo ambayo vinginevyo ingekwenda kichwani. Likishabonyea halirudi. Kwa hiyo kofia iliyokwisha kupigwa vibaya haifai tena hata kama ganda lake linang'aa, na ndiyo maana sikushawishika na ile ya mtumba niliyoonyeshwa kwa nusu ya bei katika kibanda jirani. Zile zinazoning'inia barazani, ukibonyeza ndani kwa kidole gumba unakutana na sponji nyembamba kisha plastiki.

Sasa kidevu, ambacho ndicho kinachoiuza kofia hii. Tanga si mji wa kupita watu kimya. Unapokatiza barabara za Ngamiani asubuhi, baraza zina wazee, na kumwamkia mtu mzima ukiwa umefunikwa uso hadi puani ni utovu wa adabu ambao utasimuliwa nyumbani kwenu kabla hujafika. Kituo cha mafuta nako hutakiwa kuonekana sura, vivyo hivyo lango la benki na duka la wakala wa fedha za simu. Kwa mwenye kofia nzima ya kawaida, kila kituo ni kufungua kamba, kuvua miwani, kuvua kofia na kuipakata, na baada ya siku chache mtu huchoka akaanza kuiacha nyumbani. Kwangu ni kitufe kimoja: kidevu kinapanda, shikamoo inatoka, marahaba inarudi, kidevu kinashuka. Kama kuna sababu moja iliyonifanya niivae hata kwa safari fupi ya Makorora au Chumbageni, ni hiyo.

Hata hivyo, kitufe hicho hicho ndicho udhaifu wake. Upepo wa bahari ukikupokea katika barabara ya Pangani, hamu ya kuinua kidevu na kuendelea na safari ni kubwa mno, na nimewaona wengi wakifanya hivyo. Herufi P peke yake inamaanisha kwamba kofia ilipimwa ikiwa imefungwa. Ili iruhusiwe kutumika kwa namna zote mbili ingepaswa kuandikwa P/J. Kidevu kilichoinuliwa hukamata upepo, huivuta shingo nyuma, na katika kofia yangu hakina kitasa cha kukishikilia juu, hivyo shimo la barabarani linaweza kukiangusha ghafla mbele ya macho. Kwa hiyo uhuru unaonunuliwa hapa ni wa mtu aliyesimama, na anayetaka kuendesha uso ukiwa wazi ni heri anunue kofia ya J iliyo nyepesi na ya bei nafuu, akubali mapema kwamba kidevu chake hakina kinga.

Njiani tabia yake ni ya mchanganyiko. Uzito ni kilo 1.65, na shingo huutambua ukishapita Muheza ukielekea Segera. Matundu ya hewa ya juu yanafanya kazi mwendo ukiwepo. Kwenye foleni ya Barabara ya Ishirini mchana wa Februari ni jasho tupu, na hapo sina maneno ya kuwatetea wabunifu wake. Kelele ya upepo ni kubwa kuliko ya kofia nzima kwa sababu ya maungio ya pembeni. Wakati wa mvua kioo huingia ukungu kwa pumzi, ikabidi kukiacha wazi kwa upana wa kidole, na matone yakaingia. Skurubu za bawaba zimeanza kutu, jambo la kutarajiwa kwa anayeishi karibu na bahari ya Raskazone, nami huzifuta kwa mafuta kidogo ya cherehani. Bitana inavuliwa na kufuliwa kwa sabuni ya kawaida; hilo ni jema.

Wapo vijiweni wasemao kwamba kichwa ni cha mtu mwenyewe, na serikali haina biashara nacho. Hoja hiyo si ya kijinga, na si ya hapa tu. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1966 iliyabana majimbo kwa fedha za barabara ili yalazimishe kofia, lakini mwaka 1976 Bunge la huko likaondoa shinikizo hilo baada ya waendeshaji kulalamikia uhuru wao, na hadi leo Illinois, Iowa na New Hampshire hazimlazimishi mtu mzima kuvaa. Uingereza ililazimisha mwaka 1973, kisha mwaka 1976 ikawaruhusu Masingasinga wanaovaa kilemba wasivae. Mimi naupenda uhuru wa pikipiki kuliko wengi: kuondoka bila kungoja daladala ijae, na kuchagua kurudi kwa njia ya Tongoni kwa sababu tu bahari iko upande huo. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa mambo ya afya, mwaka 2008 yalikadiria kwamba, kwa waliopata ajali, kofia hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, na sioni uhuru gani ninaoupata kwa kuzikataa hesabu hizo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani inamtaka mwendeshaji avae kofia. Ningefurahi zaidi siku askari atakapogeuza kamba ya kidevuni na kusoma kibandiko, badala ya kuridhika kwamba kuna kitu kichwani.

Tena hoja ya kichwa changu humalizika pale abiria anapopanda. Dereva wa bodaboda anaweza kujichagulia hatari yake, lakini mama aliyempakia kutoka stendi ya Kange hajachagua kitu. Amekuta kofia moja, nayo iko kwa dereva, au amepewa ya pili iliyolowa jasho la waliotangulia. Wanawake wengi huikataa hiyo ya pili, na siwalaumu. Wanaogopa mba, misuko ya jana itaharibika, na pini ya hijabu itawachoma. Katika suala hili nilitegemea kwamba kofia ya kidevu cha kuinua ingesaidia, kwa kuwa mdomo wake hupanuka kikiwa juu, na kweli mke wangu huivaa juu ya hijabu nyepesi ya pamba, akiihamishia pini chini ya kidevu, bila mtandio kusogea. Kwa misuko mikubwa haikufaa: saizi inayoipitisha huwa inapwaya usoni, ikashindwa kile kipimo cha kuvuta kutoka nyuma. Kwa abiria wa kulipia nisingeipendekeza kabisa, si kwa bei yake tu, bali kwa kuwa mgeni hajui kitufe kiko wapi na atakaa njia nzima kidevu kikiwa juu. Dereva mmoja wa kijiwe cha karibu na Bombo amenunua katika duka hilo hilo kofia ya J kwa ajili ya abiria, kwa shilingi 95,000, na humpa kila anayepanda kitambaa safi cha kuvaa chini yake. Wateja wake wa kike humpigia simu badala ya kuchukua pikipiki yoyote iliyopo.

Kwa anayekwenda mjini tu, fedha hizo 210,000 zigawanywe: kofia nzima isiyoinuka, yenye P, ilikuwepo kwenye kabati lile kwa 150,000, ni nyepesi na tulivu zaidi, na baki iongezewe kidogo inunuliwe ya abiria. Kwa anayesimama mara nyingi, anayevaa miwani, au anayeamkia wengi njiani, yangu inaishinda. Kioo chake cha akiba huagizwa Dar es Salaam kwa shilingi 30,000 na hulipwa kabla, nacho utakihitaji mapema, kwa maana vumbi na mchanga wa njia za Pangani hukikwaruza hadi taa za magari yanayokuja usiku zikatawanyika machoni.