Mti wa Krismasi wa Jony Ive: Mlicheka Kabla ya Kuangalia

Wadau, karibuni. Leo mezani hakuna simu, kuna mti. Ule mti wa Krismasi wa Jony Ive, wa hoteli ya Claridge's kule London, Novemba 2016. Msimu kama huu picha zake huwa zinarudi mitandaoni, na zikirudi tu, utani ni uleule. Umeshanichosha, ndiyo maana nimewasha kamera.

Ive mnamjua, ndiye aliyekuwa mbunifu mkuu wa Apple wakati ule: iMac, iPod, iPhone, simalizi orodha. Mwenzake kwenye kazi hii ni Marc Newson, Mwaustralia, naye mbunifu mkubwa. Claridge's wana desturi ya kumpa mtu maarufu ukumbi wao wa mapokezi kila Krismasi aupambe apendavyo, na mara nyingi huwa ni watu wa mitindo ya nguo. Mwaka 2015 walikuwa Burberry, wakapanga miavuli ya rangi ya dhahabu na fedha mpaka ikawa mti. Safari hii watu wakakaa mkao wa kula: baba wa iPhone anakuja na mti! Kufika wakakuta msitu, na mti wa kuuita mti hawakuuona.

Basi mitandao ikalipuka. Huyu anasema Ive ameondoa mti kama alivyoondoa tundu la hedifoni. Yule anauliza mapambo yanauzwa kando na yanahitaji adapta gani. Nilicheka, nisiwadanganye. Ukikumbuka mwaka wenyewe utaelewa hasira ilikotoka. Septemba iPhone 7 inatoka bila tundu la hedifoni, Phil Schiller, mkuu wa masoko wa Apple wakati ule, anapanda jukwaani anasema ni ujasiri. Ujasiri, jamani! Oktoba inakuja MacBook Pro ambayo flashi yako ya kila siku haiingii bila adapta. AirPods, zile hedifoni zao zisizo na waya, ziliahidiwa Oktoba hiyohiyo, zikasogezwa mpaka Desemba. Halafu Novemba, karibu sambamba na mti, Apple wanatoa kitabu cha picha za bidhaa zao: kidogo dola 199, kikubwa dola 299. Kitabu cha picha! Kwa hiyo mti ulipigwa mawe ya adapta.

Na wapenzi wa Samsung msinichekee huko. Mwaka huohuo simu zao za Note 7 zilikuwa zinashika moto mpaka ikabidi ziondolewe sokoni. Wakamtania Apple kuhusu tundu, na 2019 Note 10 ikatoka haina tundu. Hiyo naiwekea video yake.

Turudi kwenye mti. Wengi waliona picha moja, wakasema ni utupu, ni weupe mtupu, ni duka la simu. Angalieni hapa kwenye skrini. Haya ni maboksi ya mwanga, marefu mita 4, yamebeba picha nyeusi na nyeupe za birch, mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe. Katikati yake kuna miti ya kutengenezwa, myeupe, na kuna misonobari ya kweli, mibichi, ya kijani. Juu matawi. Ukumbi umejaa! Mtu anaitaje hii kazi ya kupunguza vitu? Kilichokosekana ni marembo, vile vipira na vimulimuli.

Sasa boksi la mwanga ndilo lililonikosesha usingizi, sogeeni. Nina kontena la plastiki nyeupe, hili la kuhifadhia nguo. Ndani naweka tochi. Nimechapisha picha mbili kwenye karatasi ya kawaida: moja shina la birch, nyingine shina la mwembe. Nazima taa ya chumba.

Naanza kumulika kwa mbele. Mnaona? Karatasi inang'aa hapa katikati, picha inafifia, na unajua kabisa unaangalia karatasi. Sasa birch naibandika kwenye kontena, nawasha tochi kwa nyuma. Ehee! Gome jeupe linawaka, na zile alama nyeusi zinabaki nyeusi tii. Ukikodoa macho kidogo unaona shina limetoka mbele ya boksi. Nasogeza tochi kushoto, upande wa kulia unaingia giza, shina linapata mviringo. Subirini, lisije likaanguka... hapo.

Haya, mwembe. Tochi ileile, kontena lilelile. Tope! Gome la mwembe ni kahawia na kijivu, halina sehemu ya kupitisha mwanga, kwa hiyo linakuwa doa moja kubwa. Ndiyo maana nasema aliyechagua birch alijua anachokifanya. Mti wenyewe umezaliwa na rangi mbili ambazo boksi linazitaka. Akili hii hamkuiona kwa sababu mlikuwa mnatafuta tundu la hedifoni.

Ukitaka ya kwako nyumbani, tumia mkanda wa LED, usiweke balbu ya moto karibu na karatasi. Na chapisha nyeusi na nyeupe, rangi zitakuponza.

Ila... kuna mche. Nilitaka nimalize kwa sifa tupu lakini huu mche umenishinda. Ukiupita msitu wote ule, mwisho unakuta msonobari mmoja mdogo, mche kabisa, hauna taa wala nyota. Maana yake ni mambo yajayo, matumaini. Nimeelewa. Lakini mtu amewabeba watoto wake, amewavalisha makoti, amewaambia twende tukaone mti wa Krismasi wa Claridge's. Watoto wanapita kwenye miti inayowaka, wanauliza mti uko wapi, unawaonesha mche? Hapo walioponda walikuwa na hoja, nawapa.

Mwaka uliofuata, 2017, mbunifu wa mitindo Karl Lagerfeld akapewa ukumbi uleule. Akautundika mti kichwa chini, nyota ikaelekea sakafuni! Watu wakashangaa weee, lakini hakuna aliyeuliza mti uko wapi, maana ulikuwa unaning'inia mbele yake. Wewe unaweza kupindua kila kitu, mradi mtu abaki na kitu cha kukinyooshea kidole. Ive na Newson walitupa mazingira ya kutembea ndani, tena mazuri, halafu pale jicho linapotaka kutua wakaweka kimche kidogo.

Kwa hiyo alama zangu: maboksi ya mwanga tisa kwa kumi, na hiyo moja nimekata kwa sababu ukiyapiga picha kwa simu yanaonekana kweli kama maonesho ya dukani. Misonobari ya kweli, saba kwa kumi. Mche, nne kwa kumi, na nne hiyo ni ya heshima ya mkulima. Kile kitabu cha dola 299 msiniulize, kwa hela hiyo mwaka ule mimi ningenunua AirPods, zilizokuwa dola 159, na chenji ingebaki ya adapta.

Andikeni hapo chini: mche au kichwa chini? Bonyezeni kengele, mimi narudi na spika za sebuleni.